UPEPO, MNARA NA MZIGO: Mambo ya kujua kabla ya kununua au kusafirisha mtambo wa umeme wa upepo

BUJUMBURA — Wakati wa kiangazi upepo wa Ziwa Tanganyika huingia mjini karibu kila alasiri. Bendera za bandarini hunyooka na maturubai ya malori yaliyoegeshwa hupigapiga. Umeme unapokatika na mafundi wa karakana za Buyenzi kuwasha jenereta, swali hurudi lile lile: kwa nini upepo huu usizungushe mtambo na kutoa umeme?

Swali hilo si la kupitisha muda. Uhaba wa mafuta ulioikumba Burundi mara kwa mara tangu mwaka 2021 umewafanya wafanyabiashara wengi kutafuta nishati nyingine, na mitambo midogo ya upepo hupatikana kwa urahisi kwa wauzaji wa jumla wa China. Kwa upande wa wasafirishaji, mashamba makubwa ya upepo yaliyojengwa Kenya yameonyesha kuwa kazi ya kubeba mitambo hiyo ni biashara kubwa. Makala hii inaeleza jinsi upepo unavyolipa, jinsi unavyovunja, na namna ya kutofautisha mambo hayo mawili kabla ya kutoa fedha.

Nguvu ya upepo huhesabiwaje

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba nguvu iliyomo katika upepo haiongezeki sawa na kasi yake. Inaongezeka kwa kasi hiyo ikizidishwa yenyewe mara tatu. Upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake inaongezeka mara nane.

Kwa hewa ya Bujumbura, ambayo iko karibu mita 780 juu ya usawa wa bahari, hesabu inakuwa hivi. Upepo wa mita 4 kwa sekunde, yaani kilometa 14 kwa saa, una nguvu ya takriban wati 34 katika kila mita ya mraba ya eneo linalofagiwa na mapanga. Upepo wa mita 8 kwa sekunde una wati 274. Upepo wa mita 11 kwa sekunde, yaani kilometa 40 kwa saa, una wati 712.

Hakuna mtambo unaoweza kuchukua nguvu hiyo yote. Mtaalamu wa Ujerumani Albert Betz alionyesha karne moja iliyopita kuwa kiwango cha juu kabisa ni asilimia 59.3, na mitambo halisi huchukua chini ya hapo.

Mwinuko nao una gharama yake. Hewa ya Bujumbura ni nyepesi kwa karibu asilimia 12 kuliko ile ya pwani iliyotumika kuandaa majedwali ya viwandani. Kwenye milima inayogawa maji ya Kongo na Nile, kwa mita 2,000, wepesi huo unafikia karibu asilimia 22. Upepo wa kasi ile ile utatoa umeme pungufu kwa kiasi hicho.

Lebo ya kilowati moja

Hapa ndipo wanunuzi wengi hupata hasara. Mtambo mdogo unaoandikwa "kilowati 1" mara nyingi hutoa kilowati hiyo upepo ukiwa na kasi ya mita 12 kwa sekunde, sawa na kilometa 43 kwa saa. Upepo ukiwa mita 4 kwa sekunde, ambayo ni theluthi moja ya kasi hiyo, nguvu inashuka hadi sehemu moja ya 27. Kilowati moja ya kwenye lebo inakuwa takriban wati 37. Hizo zinatosha kuwasha taa chache na kuchaji simu, si kuendesha mashine ya kuchomelea wala jokofu la duka.

Lebo haikusema uongo. Ila haikusema kwa sauti ni upepo gani uliotumika kupima. Kwa hiyo mfanyabiashara asiulize tu "mtambo huu ni wa kilowati ngapi", bali "ni kilowati ngapi kwa upepo wa mita 4 na wa mita 6 kwa sekunde". Muuzaji makini ana jedwali la majibu hayo.

Upepo wa Bujumbura ni wa aina gani

Mji umekaa kati ya ziwa na milima. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, hewa ya nchi kavu hupanda, na hewa ya ziwani huingia kujaza nafasi. Usiku mambo hugeuka: hewa iliyopoa milimani huteremka kuelekea ziwani. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini-mashariki unaovuma juu ya ziwa huongeza nguvu.

Upepo wa namna hii una mapungufu mawili kibiashara. Kwanza, hubadilisha mwelekeo na hutulia kati ya zamu moja na nyingine, hivyo saa za kuzalisha ni chache. Pili, unapopita juu ya nyumba, miti na mabonde huwa na msukosuko mwingi. Mtu aliyesimama barazani huuona una nguvu kwa sababu unampiga usoni kwa vipindi, lakini wastani wa mwaka ndio unaolipa deni la benki, na wastani huo hauwezi kupimwa kwa uso.

Ramani ya Upepo ya Dunia, inayoandaliwa na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Denmark pamoja na Benki ya Dunia, inaonyesha kuwa sehemu kubwa ya Burundi ina upepo hafifu ukilinganisha na kaskazini mwa Kenya. Hata hivyo ramani haitoshi kwa uamuzi wa kununua. Kanuni ya kazi hii ni kusimamisha mlingoti wa vipimo mahali penyewe kwa angalau miezi 12, ili misimu yote ihesabiwe. Takwimu za kituo cha hali ya hewa, ambazo kwa Burundi hukusanywa na taasisi ya IGEBU, husaidia kulinganisha, ila kwa kawaida vituo hupima mita 10 kutoka ardhini. Juu zaidi upepo huongezeka: kwenye eneo lililo wazi, mita 4 kwa sekunde kwenye urefu wa mita 10 zinaweza kuwa takriban mita 5 kwenye urefu wa mita 50.

Mzigo unaobebwa na mnara

Mtambo unapochukua nguvu ya upepo, upepo nao unausukuma mtambo. Chukua mfano wa mtambo wa aina ya V52 wa kampuni ya Vestas ya Denmark, unaotumika sana Kenya. Duara la mapanga yake lina kipenyo cha mita 52 na eneo la mita za mraba 2,124. Upepo wa mita 11 kwa sekunde unausukuma kwa nguvu inayokaribia uzito wa tani 11.

Nguvu hiyo haiko chini, iko kileleni, mita 44 au zaidi kutoka ardhini. Fundi wa matairi anajua maana yake: spana ikiwa ndefu, mkono mdogo hufungua nati kubwa. Mnara ndiyo spana, na nati ni msingi wa zege. Ndiyo maana sehemu ya fedha za mradi huzikwa chini ya ardhi, katika zege na nondo ambazo mgeni hazioni.

Upepo unapozidi kiwango, mtambo hujikinga. Mapanga hugeuzwa taratibu ili yaachie upepo upite, na kasi ikifika mita 25 kwa sekunde, sawa na kilometa 90 kwa saa, mtambo wa V52 husimama. Mitambo mingi midogo ya bei nafuu haina mfumo wa kugeuza mapanga. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo juu ya kitu kisichoweza kukwepa huongezeka mara nne, na mtambo hutegemea breki au mkia pekee.

Msimu wa mvua ndio mtihani. Wingu la radi likipasuka, hewa baridi hushuka ghafla na kuenea chini kama maji yaliyomwagwa. Kwa dakika chache kasi huweza kupita mara kadhaa ile ya kawaida na mwelekeo ukabadilika. Aidha eneo la Kivu, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi nyingi zaidi duniani, hivyo nyaya za kupeleka radi ardhini si kitu cha kupunguza katika bajeti.

Kwa kifupi, mtambo hulipwa na upepo wa kila siku lakini hujengwa kwa ajili ya upepo wa dakika mbaya kuliko zote. Mahali penye wastani mdogo na dharuba kali ni hasara mara mbili: mnunuzi analipia chuma cha kuhimili dhoruba, halafu anakosa umeme wa kurudisha fedha hizo.

Uchovu wa chuma: somo la mizani

Mitambo mingi haiangushwi na dhoruba moja. Huchoka. Panga likiwa juu hupata upepo mkali zaidi, likiwa chini hupata upepo pungufu na kupita mbele ya mnara. Uzito wake nao hulipinda upande mmoja linapopanda na upande wa pili linaposhuka. Mtambo unaozunguka mara 20 kwa dakika bila kusimama hufanya mizunguko milioni 10.5 kwa mwaka. Kwa miaka 20, ambayo ndiyo umri wa chini unaotakiwa na viwango vya kimataifa, hiyo ni mizunguko milioni 210.

Wasafirishaji wanaifahamu hesabu ya namna hii kutoka kwenye mizani. Wahandisi wa barabara hutumia kanuni kuwa uharibifu wa lami huongezeka kwa uzito wa ekseli ukizidishwa wenyewe mara nne. Ekseli iliyozidi kwa asilimia 10 huharibu barabara kwa karibu asilimia 46 zaidi. Ndiyo sababu Jumuiya ya Afrika Mashariki iliweka kikomo cha tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne.

Mapanga ya faibaglasi ni makali zaidi kuliko lami katika hesabu hiyo. Mzigo wa kurudiarudia ukizidi kwa asilimia 10 tu, umri wa panga unaweza kupungua kwa zaidi ya nusu. Msukosuko wa upepo ndio unaoleta mzigo huo wa ziada. Sehemu mbili zenye wastani sawa wa upepo zinaweza kuwa na faida tofauti kabisa, moja ikimaliza miaka 20 na nyingine ikibadilisha beringi na giaboksi kabla mkopo haujaisha.

Madaraja ya mitambo

Viwango vya kimataifa hugawa mitambo mikubwa kwa madaraja. Daraja la kwanza ni kwa sehemu yenye wastani wa hadi mita 10 kwa sekunde, na mtambo lazima uhimili upepo wa mita 50 kwa sekunde, sawa na kilometa 180 kwa saa, unaokadiriwa kutokea mara moja katika miaka 50. Daraja la pili ni wastani wa mita 8.5 na kikomo cha mita 42.5. Daraja la tatu ni wastani wa mita 7.5 na kikomo cha mita 37.5. Herufi A, B na C huongezwa kuonyesha kiasi cha msukosuko, A ikiwa kikubwa kuliko zote.

Mtambo wa daraja la tatu huwa na mapanga marefu ili kukusanya upepo hafifu. Ukipelekwa penye upepo wa daraja la kwanza utachoka mapema. Wa daraja la kwanza ukipelekwa penye upepo hafifu utadumu, lakini utazalisha kidogo. Kwa hiyo mtambo uliotumika Ulaya na kuuzwa kwa bei ya chini si lazima uwe nafuu. Mnunuzi anahitaji kujua daraja lake na miaka mingapi ya uchovu imekwisha kutumika.

Katika shamba la mitambo mingi kuna tatizo jingine. Kila mtambo huacha nyuma yake kivuli cha upepo, hewa iliyopungua kasi na kuvurugika. Mtambo ulio kivulini huzalisha kidogo na kuchoka haraka. Kwa kawaida mitambo huachanishwa kati ya mara tano na tisa ya kipenyo cha mapanga kufuata mwelekeo wa upepo, yaani mita 260 hadi 470 kwa V52. Upepo ukitoka upande mmoja karibu mwaka mzima, mitambo ya mstari mmoja inaweza kukaribiana, na hivyo barabara na kebo zikawa fupi.

Turkana: upepo, mashine na barabara

Mfano mkubwa wa kanda hii ni Lake Turkana Wind Power, karibu na Loiyangalani kaskazini mwa Kenya. Hapo upepo wa kusini-mashariki hubanwa kati ya nyanda za juu za Ethiopia na zile za Kenya, kama maji yanavyobanwa mlangoni mwa mfereji, na wastani wake unapita mita 11 kwa sekunde. Wastani huo unazidi hata ule wa daraja la kwanza, hivyo hesabu ya mzigo kwa mahali penyewe ni ya lazima.

Mradi huo uliogharimu takriban euro milioni 620 ulifunga mitambo 365 ya V52, kila mmoja kilowati 850, jumla megawati 310. Wakati huo tayari kulikuwa na mitambo mikubwa zaidi sokoni. Lakini V52 ni imara kwa upepo mkali, na panga lake lina urefu wa mita 25 hivi, jambo linalowezesha kulibeba kwenye trela ndefu hadi mahali pasipo na barabara nzuri.

Shehena zilishushwa Mombasa na kusafiri takriban kilometa 1,200. Kilometa 208 za mwisho, kutoka Laisamis, zililazimika kutengenezwa kwanza. Kwa maneno mengine, barabara ilisaidia kuchagua mashine.

Mtambo wa mwisho ulisimamishwa Machi 2017, lakini umeme haukuwa na njia ya kutoka. Laini ya kilometa 428 hadi Suswa ilichelewa baada ya mkandarasi wa Hispania, Isolux, kufilisika, na Serikali ya Kenya ikalazimika kulipa fidia kwa umeme ambao haukutumika. Shamba liliunganishwa na gridi Septemba 2018 na kuzinduliwa rasmi Julai 2019.

Mfano wa pili ni Kipeto, Kajiado, ulioanza biashara mwaka 2021. Hapo mitambo ni 60 tu kwa takriban megawati 100, kwa sababu kila mmoja ni mara mbili ya V52 na mapanga yake ni marefu zaidi. Kipeto ipo karibu na Nairobi, ambako barabara na kreni vinapatikana. Ngong, kampuni ya KenGen ina megawati 25.5 za V52. Tanzania, shamba dogo la Mwenga huko Mufindi lina megawati 2.4, lililoanza mwaka 2020.

Njia ya kufika Bujumbura

Mapanga ya mitambo mikubwa ya leo ya nchi kavu yanapita mita 70. Mzigo wa namna hiyo hauwezi kugawanywa. Ukitoka Dar es Salaam kupitia Kobero, utalazimika kuteremka kutoka Bugarama hadi Bujumbura, mteremko wenye kona ambazo hata trela ya kawaida huzipita kwa tahadhari. Kwa njia ya ziwa kutoka Kigoma kona hazipo, lakini kunahitajika chombo chenye sitaha ndefu, kreni pande zote mbili na siku tulivu ya kupakua.

Kwa hali hiyo, upepo unaweza kuifikia Bujumbura kwa waya kabla ya kufika kwa lori. Burundi ni mwanachama wa umoja wa gridi za Mashariki mwa Afrika. Kituo cha maji cha Rusumo cha megawati 80, kinachomilikiwa na Burundi, Rwanda na Tanzania, kilianza kuzalisha mwishoni mwa 2023 na laini yake inafika Gitega. Laini ya kilovolti 400 kati ya Kenya na Tanzania iliwashwa mwishoni mwa 2024. Ndani ya nchi, mtambo wa jua wa Mubuga wa megawati 7.5, uliozinduliwa 2021, uliletwa kwa vipande vinavyoingia kwenye kontena la kawaida.

Kwa msafirishaji maana yake ni kwamba shehena za karibuni kwenda Burundi ni transfoma, nguzo, kebo na paneli za jua. Kazi ya mapanga ipo zaidi kwenye njia za Kenya, kwa wenye trela za kurefuka na vibali vya mzigo usio wa kawaida.

Wasafirishaji wakumbuke pia kuwa hesabu ya upepo haiishii kwenye mnara. Ubavu wa kontena la futi 40 una karibu mita za mraba 32. Upepo wa kilometa 72 kwa saa unausukuma kwa nguvu inayofikia kilo 700 au zaidi, na kontena tupu ndilo hupinduka kwanza.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Kwa mnunuzi:
1. Upepo wa mahali penyewe umepimwa kwa muda gani, na kwa urefu gani?
2. Mtambo unatoa wati ngapi kwa mita 4 na 6 kwa sekunde, si kwa mita 12 pekee?
3. Ni wa daraja gani, na unajikinga vipi upepo ukizidi?
4. Kama umetumika, umefanya kazi saa ngapi na wapi?
5. Mnara, msingi, nyaya za radi na betri vimo kwenye bei?
6. Kwa fedha hizo hizo, paneli za jua zingetoa kiasi gani kwa mwaka?

Kwa msafirishaji:
1. Kipande kirefu kuliko vyote kina mita ngapi, na kizito kuliko vyote tani ngapi?
2. Nani amekagua kona, madaraja na nyaya za njiani, na nani analipia marekebisho?
3. Vibali vya kila nchi viko kwa jina la nani?
4. Upepo ukizuia kreni kupakua, siku za kusubiri zinalipwa na nani?

Swali hilo la mwisho ndilo husahaulika zaidi. Mahali panapofaa kwa shamba la upepo ndipo ambapo kreni hulazimika kusimama mara kwa mara, na lori lililosimama bila mkataba wa kusubiri hula faida ya safari nzima.